Lile si shimo, Mhariri

Mhariri,

Jumamosi iliyopita mlichapisha picha ya nyota iitwayo Zeta Andromedae, duara la rangi ya chungwa lenye weusi utosini. Chini yake mkaandika: "Mashimo yaonekana juu ya nyota, dalili kwamba inakufa." Nilikuwa kibarazani na chai yangu, nikakiweka kikombe chini. Nimefundisha fizikia miaka thelathini na mmoja huku pwani, na katika sentensi hiyo moja kuna maneno matatu ya kutiwa wino mwekundu. Naanza na shimo, maana hapo nina deni langu mwenyewe.

Mwaka 1994 nilikuwa na darasa la fomu tatu lisilokuwa na maabara ya kutajika. Nilitaka kuwaeleza wanafunzi jinsi wataalamu wanavyojua kwamba nyota inazunguka, ilhali hata kwa darubini kubwa nyota nyingi hubaki kinukta tu. Nikaleta chemli kutoka nyumbani. Nikapaka masizi upande mmoja wa kioo, kiasi cha dole gumba, nikaining'iniza kwa uzi wa katani kwenye boriti, nikausokota uzi kisha nikauachia. Madirisha tuliyaziba kwa majamvi. Wanafunzi wakaenda ukuta wa nyuma, wakayafinya macho mpaka taa ikawa kinukta cha mwanga. Kila masizi yalipowaelekea, mwanga ulififia, yalipopita, ukarudi. Wakahesabu kwa sauti moja: moja, mbili, tatu, nne, inafifia, moja, mbili, tatu, nne, inafifia. Hakuna aliyeuona uso wa ile taa, na hakuna aliyeshindwa kuniambia inazunguka kwa muda gani.

Kijana mmoja wa Mambrui, mkimya, akanyoosha mkono. "Mwalimu, na kama masizi yako juu kabisa, utosini?"

Nikamwambia hapo yanajizungukia palepale, mwanangu, mwanga haubadiliki, kwa hiyo hatuwezi kujua kama yapo. Akaandika, akaketi. Sikupenda alivyoketi.

Kumbe jibu lilikuwapo tangu 1983. Vogt na Penrod, Wamarekani, walikuwa wameshachora ramani ya nyota HR 1099, na doa la utosini limo. Njia yenyewe ni hii. Ukiutandaza mwanga wa nyota ukawa rangi za upinde wa mvua, ndani yake mna mistari myeusi myembamba. Nyota inapozunguka, ubavu mmoja unatujia na mwingine unatukimbia. Wa kuja huuvuta mstari kwenye buluu, wa kwenda huuvuta kwenye nyekundu, na mstari uliokuwa mwembamba hupanuka. Doa likichomoza upande wa kuja, huacha kinundu kidogo kwenye ukingo wa buluu wa ule mstari. Siku zikipita kinundu hutambaa mpaka katikati, kikatokea upande wa nyekundu. Doa la karibu na ikweta hutambaa ukingo hadi ukingo. La utosini halitambai: hukaa katikati, likaufanya mstari uwe bapa pale chini. Kwa hiyo lile swali la kijana lilikuwa na jibu, ila mwalimu wake hakuwa nalo.

Wataalamu nao hawakuafikiana upesi. Jua letu halina doa la namna hiyo. Madoa yake hukaa pande mbili za ikweta, wala hayapandi kwa kawaida kupita nyuzi 35 hivi. Wengine wakasema doa la utosini ni kosa la hesabu tu. Ndipo zikatumika darubini sita za CHARA, juu ya Mount Wilson kule California, ambazo zile zilizo mbali zaidi zimeachana mita 330 na mwanga wake huunganishwa kana kwamba umeingia jicho moja. Ziliitazama Zeta Andromedae mwaka 2011 na tena 2013. Matokeo yalitoka 2016 katika jarida la Nature: doa la utosini lipo, miaka yote miwili, na yale mengine ya chini yamehama. Hilo ndilo mlilolichapisha, Mhariri. Ni ramani iliyokokotolewa kwa mwanga wa usiku mwingi, haikupigwa na kamera, kwa hiyo hata hilo "yaonekana" lenu lilihitaji maneno mawili matatu ya maelezo.

Sasa kwa nini si shimo. Pepea makaa kwenye seredani mpaka yawe meupe. Pale ambapo upepo haukufika, kaa linakuwa jekundu, na kando ya wenzake utaliona kama jeusi. Liguse basi. Kwenye nyota kinachozuia upepo ni sumaku: huifunga gesi ya moto isipande kutoka chini, na mahali pale papoe kuliko jirani zake. Uso wa Jua una joto la nyuzi 5,500 hivi za Selsiasi, na katikati ya doa kubwa ni kama 3,500. Lingetolewa peke yake angani usiku, lingekuumiza macho.

Kuhusu "inakufa", ni kweli nyota hii ni mzee aliyevimba, upana wake kama mara kumi na sita ya Jua. Kwa desturi nyota ikivimba, mwendo wake wa kuzunguka hupungua. Hii ina mwenzake wa karibu anayeikokota, hivyo inazunguka mara moja kila siku 17.8, siku zilezile wanazotumia wawili hao kuzungukana. Kwa jitu la ukubwa ule, huo ni mwendo wa kasi. Kasi hiyo, pamoja na kutokota kwa gesi tumboni, ndiyo inayozaa sumaku, na sumaku ndiyo inayozaa madoa. Doa si kidonda cha mgonjwa.

Mlimaliza kwa kusema hayo ni mambo ya mbali, yasiyotuhusu. Mimi nimezaliwa Ngomeni. Jumamosi tarehe 12 Desemba 1970, nikiwa na miaka tisa, setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kutafuta miale ya eksirei itokayo angani ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano la kurushia roketi lililo baharini, katika ghuba ileile ambamo baba yangu alikuwa akitega malema. Waliiita Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilitimiza miaka saba ya uhuru. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi yake, alipewa Nobeli mwaka 2002. Uhuru haikwenda kutafuta madoa, nisije nikaisingizia; orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Lakini majitu yenye sumaku kali kama hili ni wapigaji wakubwa wa eksirei, na mlango wa kuyatazama kwa njia hiyo ulifunguliwa hapa, mbele ya malema.

Zeta Andromedae yenyewe unaweza kuiona bila darubini. Novemba, saa tatu usiku, tazama kaskazini, juu. Haing'ai sana. Nyumbani kwangu Malindi mjini siipati tena tangu waweke mulika mwizi kwenye kona, ila kwa kaka yangu Ngomeni bado naiona.

Ninachoomba ni sahihisho, hata la mistari miwili: neno ni madoa. Yule kijana wa Mambrui siku hizi ana ndevu zenye mvi na mashua mbili, na kila Ijumaa baada ya sala hupita kuniletea changu au tafi. Nimemkatia ukurasa wenu. Neno "mashimo" nimelipiga mstari, na pembeni ya ule weusi wa utosini nimeandika kwa kalamu nyekundu: "Lipo. Samahani."

Mwalimu mstaafu wa fizikia,
Malindi