Unaniuliza ninamkimbia nani

Walukuba, Jinja
28 Desemba 2025

Afande wangu,

Huku kwetu ni wazima. Mama watoto anakusalimu, na mjukuu anayekaa nasi anakusalimu pia ingawa anakujua kwa picha tu, ile ya kambi yetu ya polisi Nsambya uliyovaa kofia upande.

Siku ya Krismasi uliniuliza kwenye simu, "Mzee mzima na mvi zako, kila alfajiri uko barabarani, unamkimbia nani?" Nilicheka, nikageuza maneno. Lakini ulipokata simu swali lilibaki nami, na kwa kuwa huko Arua mtandao wenu unakatikakatika, nimeona nikujibu kwa kalamu.

Mwanzo wake ulikuwa Januari. Nesi wa kliniki alinifunga ule mkanda wa presha, ukasoma 164 kwa 102, akaufungua akaufunga tena kana kwamba mashine ndiyo mgonjwa. Akanipa vidonge, akaniambia na kutembea kidogo kila siku. Alisema kutembea, afande. Mimi nikasikia mbio. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri nilivaa raba za mwanangu, nikatoka Walukuba hadi uwanja wa gofu na kurudi, karibu kilomita 7, bila kusimama hata mara moja. Miaka 62! Hakuna aliyenituma. Ila kichwani alikuwamo yule sajini wetu wa filimbi, ambaye ukimwonyesha umechoka anaongeza raundi, kwa hiyo sikumwonyesha.

Wiki ya saba kano la kisigino cha kushoto likagoma. Asubuhi nikishuka kitandani nashika ukuta kama mtoto anayeanza kusimama. Nikaenda kwa mtaalamu wa viungo, kijana wa rika la mwanangu wa mwisho, akanieleza jambo ambalo kwenye depo hakuna aliyewahi kutuambia: pumzi hurudi upesi, kano hurudi polepole, na kwa mtu wa umri wetu polepole zaidi. Mapafu yalikuwa yananidanganya kwamba niko tayari. Akanipa kazi. Nisimame kwa vidole kwenye kidato cha ngazi, kisigino kikiwa hewani, nikishushe taratibu hadi kipite chini ya ukingo. Mara 15, raundi 3, asubuhi na jioni, wiki 12. Mjukuu akajiteua kuwa mhesabuji. Nikiruka moja ananirudisha mwanzo, sijui ukali huo kautoa wapi.

Ni pale kwenye kidato nilipoanza kufikiri. Wewe na mimi tumekimbia kiasi gani katika utumishi? Sijui, lakini jaribu kukumbuka kilomita moja tuliyoikimbia kwa sababu tulitaka. Mimi sikuipata. Tulikimbia mchakamchaka kwa sababu filimbi imelia, tukakimbia na magogo begani kwa sababu mmoja wetu kachelewa kwata. Na aliyebaki nyuma alichapwa na jina la Akii-Bua: "Askari mwenzenu alitoka kikosi hiki akakimbia mita 400 za viunzi Munich 1972 kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia, na alipangiwa njia ya ndani kabisa ambayo hakuna anayeitaka. Wewe unashindwa kuzunguka uwanja?" Dhahabu ya kwanza ya nchi hii kwenye Olimpiki ikageuzwa kiboko cha kuchapia makuruta. Hadi leo nikisikia jina lile misuli ya paja inakaza kabla ya moyo kujivuna. (Baadaye Kiprotich wa Magereza alipoleta ya pili kutoka London 2012, unakumbuka jinsi watu wa Magereza walivyotutambia? Miaka 40 tulikuwa tunakula jasho la mtu mmoja. Afadhali Cheptegei, polisi mwenzetu, ametulipia deni kwa dhahabu zake.)

Juni nikaanza upya, dakika 2 kukimbia, dakika 1 kutembea. Hapo ndipo nilipokutana na shida ambayo sikuitarajia: kimya. Kule kikosini wewe ndiye uliyekuwa unaanzisha nyimbo, na sisi miguu yetu ilikuwa mali ya sauti yako. Peke yangu kwenye barabara ya Nile Crescent sikujua hatua niipige wapi. Nikajaribu kuimba zako kimoyomoyo, nikakuta kila wimbo unanivuta kwa kasi ya mtu wa miaka 22. Nikaziacha. Sasa kipimo changu ni salamu. Kuna mzee wa maziwa ninayepishana naye na baiskeli yake. Nikiweza kumwambia "Habari za asubuhi, watu wa nyumbani wameamkaje?" bila kukata katikati, mwendo ni sawa. Nikiishia kwenye "Habari" tu, napunguza.

Watu wa boda pale stendi walinicheka miezi miwili hivi, "Mzee, panda nikufikishe!" Siku hizi nisipopita wananiuliza nilikuwa wapi. Upande wa gofu kuna majani mazuri ya kukanyagia. Zamani viboko walikuwa wanapanda kutoka majini usiku kula pale, na wachezaji wana kanuni kabisa, mpira ukitumbukia kwenye unyayo wa kiboko unaruhusiwa kuuokota. Sijakutana naye. Nikikutana naye nitakupa jibu jingine la swali lako.

Novemba nilikwenda Kampala kwenye marathoni, zile kilomita 10. Vijana wangu walinilipia, nikaona aibu kukataa. Uwanja wa Kololo ulijaa watu hadi huoni nyasi. Nilikuwa nakwenda vizuri, salamu nzima inatoka, mara nikasikia nyuma yangu: kundi la vijana, nadhani ni makuruta, safu tatu, wanaimba. Afande, miguu haikuniuliza. Ilibadili hatua yenyewe, ikaingia kwenye wimbo, kifua kikatoka mbele, nikawa nimepangwa ubavuni mwao kama mtu aliyechelewa kwata. Yule kijana mwanzishaji akaniona, akaongeza sauti. Nikaenda nao labda mita 400. Machozi yalinitoka, usimwambie mtu.

Halafu kano likanong'ona. Kulikuwa na kilima mbele, na safu haipunguzi. Nikajiambia kwa sauti, kwa Kiswahili kile kile cha sajini: "Simama." Nikasimama. Vijana wakapita, wimbo ukapanda kilima bila mimi. Nikakipanda kwa kutembea, nikinywa maji, mwanamke mmoja mwenye umri wangu akanipata tukapanda pamoja tukizungumza bei ya unga wa posho. Nilimaliza kwa saa moja na dakika 19. Sijawahi katika maisha yangu kujipa amri ile mwenyewe.

Kwa hiyo simkimbii mtu, wala safari hii sikimbizwi. Presha wiki iliyopita ilikuwa 138 kwa 86, na vidonge bado nameza, nesi hataki mzaha. Goti la kulia linalalamika siku za mvua. Kuna asubuhi nafungua mlango, nasikia baridi ya mto, nafunga mlango narudi kulala, na hakuna filimbi.

Mwisho wa Januari nitapanda basi nije huko kukupa pole ya msiba wa kaka yako ana kwa ana, nitakaa wiki. Najua utasema sukari, utasema miguu. Tutatembea tu, hadi mwisho wa mtaa wenu na kurudi, na ukitaka kuimba uimbe taratibu. Muuza mivumba (mitumba) wangu hapa sokoni anafungua mzigo mpya kila Jumatano na huniwekea raba nzuri kabla ya wengine. Nitumie namba ya kiatu chako. Nakumbuka 43, lakini miguu ya wazee hupanuka, kwa hiyo pima upya, jioni, ukiwa umesimama.

Mwenzako wa Nsambya