Saa ya kugeuka iandikwe kwenye tangazo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wenzangu wa Mwanza wanaoandaa safari za kupanda Mlima Kilimanjaro kwa siku moja, hadi vibanda vya Mandara. Matangazo nayaona kanisani, kwenye vikoba na kwenye simu: Ijumaa alfajiri basi linaondoka Nyegezi, Jumamosi tunapanda, Jumapili tunarudi. Nauli imeandikwa, rangi ya fulana imeandikwa. Saa ya kugeuka, yaani saa ambayo kikundi lazima kianze kurudi hata kama hakijafika, sijaiona kwenye tangazo hata moja.

Mimi nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mandara nimefika mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka juzi, Novemba, tulipokwenda na kwaya yetu watu 23. Tulishinda kwenye basi kutwa nzima kupitia Shinyanga na Singida, tukaingia Moshi usiku sana, tukalala kwa muda wa saa nne tu. Asubuhi mwandalizi wetu alifika geti la Marangu na bahasha ya fedha, akaambiwa hapo hawapokei fedha mkononi. Kuhangaikia malipo kukala asubuhi yote. Tulianza kupanda saa tano na nusu.

Geti lile liko kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Mandara ni kama mita 2,700. Njia ni kilomita nane hivi, karibu yote msituni. Mtu aliyepumzika hupanda kwa saa tatu au nne. Sisi, na uchovu wa basi miguuni, tulitumia saa tano, na mvua ya vuli ilitukuta njiani. Tulipofika nusu ya njia ilikuwa saa nane mchana. Mwongozaji akaniita pembeni, akasema kwa upole, "Mama, kwa mwendo huu kikundi kigeukie hapa." Nilipeleka neno lake kwa mwandalizi. Akajibu kwamba watu wamelipia Mandara na Mandara watafika. Nami nikanyamaza. Kunyamaza kule kunaniuma hadi leo.

Tulifika saa kumi na nusu, tukapiga picha, tukaanza kushuka tumelowa. Kule jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu, lakini chini ya miti ile mikubwa giza linakuwahi. Tulikuwa na tochi tatu kwa watu 23. Dada mmoja wa sauti ya pili alikuwa na raba zilizolika soli. Alikanyaga mzizi uliolowa, akateguka kifundo cha mguu. Wanaume walimshika kwapani kwa zamu hadi getini, tukafika karibu saa tatu usiku. Alikuwa analia kimyakimya ili asitutie hofu.

Mhariri, kazi yetu ya dagaa ni kazi ya saa. Anayeanika hatazami jua la asubuhi tu, anahesabu mzigo utakuwa umekauka saa ngapi, maana mvua ikiukuta mbichi unaishia kuwa chakula cha kuku. Mlima nao unataka hesabu hiyohiyo, ya kuanzia mwisho. Februari mwaka huu nilirudi na watu watano, nikapanga hivyo. Saa kumi na moja jioni tuwe getini. Basi saa nane mchana tugeuke, popote tutakapokuwa, hata kama paa za Mandara tunaziona. Basi saa tatu asubuhi tuwe tumeshaanza kutembea, malipo yamefanywa tangu Mwanza. Na basi la kutoka Mwanza litufikishe siku mbili kabla ya kupanda, tulale usiku mbili kamili. Usiku huo wa pili ndio waandalizi wanaoukata kupunguza gharama, na ndio ninaowasihi wasiukate.

Mazoezi hayana gharama hapa kwetu. Kwa wiki nane tulipanda kilima cha Bugando na vijia vya mawe vya Igogo, kila mtu na lita tano za maji mgongoni. Wale kina mama wa Igogo wanaopandisha ndoo kila siku kati ya majabali wana miguu ya mlima tayari. Msisitizo wetu ulikuwa kushuka, maana kushuka ndiko kunakochosha magoti na kung'oa kucha. Kucha zikatwe kabla ya safari. Mwanza tuko kama mita 1,140, lakini mtu akivuka mita 2,500 kichwa kinaweza kumuuma na tumbo kuchafuka, hata awe kijana mwenye nguvu. Dalili zikizidi, dawa ni kumshusha. Baridi nayo ipo: kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kama nyuzi sita. Jinzi ikilowa haikauki, afadhali suruali nyepesi na koti la mvua hata kiangazi. Chakula tulibeba matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa), karanga na mayai ya kuchemsha. Matobolwa ni mepesi, hayachachi, yanatia nguvu.

Februari hiyo Mandara tulifika saa saba kasoro. Tukapata nafasi ya kutembea hadi kreta ya Maundi, mwendo wa robo saa, na njiani mbega walikuwa wanaruka juu yetu na mikia yao myeupe. Saa nane kamili shemeji yangu aliomba tungoje kidogo wingu lifunguke auone Kibo, kilele cha mlima. Nikamwambia, "Shemeji, saa imefika." Akachukua begi lake. Saa kumi na moja kasoro robo tulikuwa getini, jua bado lipo.

Kwa hiyo ombi langu kwa waandalizi: chini ya nauli, andikeni saa ya kugeuka. Na kabla watu hawajapanda basi, waambieni kwamba mwongozaji akisema "turudi", hakuna wa kumpinga, awe mchungaji au mweka hazina.

Kwaya yetu inakwenda tena Februari ijayo. Yule dada wa sauti ya pili ameshanunua viatu vyenye soli ya meno, na kila Jumanne jioni tunapanda naye Bugando.

Mama Muuza Dagaa,
Mwaloni, Kirumba, Mwanza