Kinda aanze, ila asichoshwe

Mhariri,

Kila mchezaji kinda anapong'ara katika safu ya kiungo, mashabiki hugawanyika: hawa wanataka aanze kila mechi, wale wanasema asubiri zamu yake. Mimi niko na wa kwanza, kwa sharti. Kiungo Kobbie Mainoo aliifungia Manchester United kwenye fainali ya Kombe la FA 2024 akiwa na miaka 19 tu. Lakini Pedri, wakati huo kiungo kinda wa Barcelona, alicheza Euro na Olimpiki mfululizo mwaka 2021, na msimu uliofuata majeraha yakamweka nje kwa miezi. Basi kinda aanze, nyuma yake awepo kiungo mkabaji mzoefu, na atolewe kabla pumzi haijakata. Wanaodai acheze dakika 90 kila wiki (wengi wetu hata 10 hatuziwezi) watuambie atapumzika lini.

Shabiki wa soka