Aksanti, yaya wa betri

Yaya, jirani alikuita usiku, ukafika kwangu Katuba, Lubumbashi, na betri ya gari begani, mvua ikinyesha. Hata jina lako sikuuliza. Umeme ulikuwa umekatika tangu jioni. Katika akwariamu yangu ya lita 600, tangi la samaki na matumbawe ya bahari, pampu zilikuwa kimya, samaki wakihema juu ya maji. Maji ya matumbawe yakisimama, oksijeni hupungua, na anayekufa wa kwanza huoza akawaua wengine. Uliunga pampu ya hewa kwenye betri, ukakaa hadi alfajiri. Ukanionyesha pia kukoroga chumvi ya bahari kwenye ndoo, karibu gramu 35 kwa lita, siku moja kabla ya kutia maji hayo kwenye akwariamu. Mimi nilikuwa nikiimwaga chumvi humo moja kwa moja! Leo matumbawe yamefunguka tena, yote. Aksanti sana, yaya. Betri yako ninayo, njoo uichukue, tule pamoja.