Maofisa wa mazingira, njooni saa nane usiku

Ndugu Mhariri,

Kila masika yanapoanza, magazeti huchapa picha ileile: povu limejaa Mto Msimbazi na mtu amesimama darajani kaziba pua. Baada ya siku chache tunasoma kwamba kiwanda fulani kimepigwa faini, kisha kimya hadi masika mengine. Mimi ni opereta wa mtambo wa kutibu majitaka katika kiwanda cha nguo hapa Dar es Salaam. Kabla ya hapo nilifanya kazi hiyohiyo kwenye kiwanda cha vyakula. Jumla ni miaka 14. Naomba nafasi niseme jambo ambalo wakaguzi hawaliandiki kwenye ripoti zao, kwa sababu tu wanapofika huwa halipo.

Wanafika saa nne asubuhi. Mlinzi anapiga simu ndani, mgeni anasaini kitabu, anatafutiwa helmeti ya kumtosha, anakaribishwa chai kwa meneja. Chai ikipoa, mimi nimeshafungulia maji ya kisima yaingie chemba ya mwisho, ile anayochotea sampuli. Nimelifanya hilo, na si mara moja. Ndiyo maana naomba jina langu lisichapwe.

Wasomaji wasioijua kazi hii watauliza maji ya kisima yanasaidia nini. Kanuni za viwango vya maji za mwaka 2007, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zinapima uchafu kwa miligramu katika kila lita. Kipimo tunachokiita COD, yaani oksijeni inayohitajika kuunguza uchafu wote ulio majini kwa kemikali, kisizidi 60. BOD, ambayo ni oksijeni itakayoliwa na bakteria, isizidi 30. Sasa chukua lita 100,000 zenye COD ya 300. Hapo una mzigo wa kilo 30, na umevuka kiwango mara tano. Ongeza lita 400,000 za kisima: kipimo kinashuka hadi 60 kamili, cheti kinatoka safi, na kilo 30 zilezile zinaingia mtoni. Mpishi aliyezidisha chumvi hufanya hivyohivyo, ila yeye anabaki na sufuria kubwa ya mchuzi. Sisi tunabaki na kisima kinachokauka. Nchini Marekani, kanuni za kutibu majitaka ya viwandani kabla hayajaingia bomba la jiji zinakataza waziwazi kuongeza maji badala ya kutibu. Wenzetu waliushtukia mchezo huu zamani.

Lakini maji ya kisima ni mchezo wa mchana. Usiku una mambo yake.

Maji ya rangi za nguo hutoka kwenye mashine yakiwa ya moto, na pH yake (kipimo cha ukali wa maji, ambapo 7 ni katikati) hufika 11 kwa sababu ya magadi na kostiki. Sehemu ya rangi haishiki kwenye uzi, inakwenda na maji. Kazi yetu ni kuyakusanya kwenye tangi la kusawazishia, kuyapooza, kuyashusha pH kwa asidi, kuyatia shabu ili uchafu ugandane na kuzama, ndipo yaende kwenye tangi la bakteria. Hao ndio wafanyakazi wa kweli. Hawagomi wala hawadai posho, ila wanataka hewa saa 24 na hawapendi kushtukizwa. Wakimwagiwa maji ya pH 11 wanakufa. Bloa la kuwapulizia hewa likizimwa saa kadhaa wanaanza kukabwa roho, tangi linageuka jeusi na kunuka yai bovu. Kuwarudisha ni siku nyingi, pengine wiki. (Chumvi ya kupakia rangi haizamishwi na shabu wala hailiwi na bakteria. Inapita kama ilivyoingia. Hilo nalo tungepaswa kulijadili, lakini si leo.)

Sasa umeme ukikatika saa saba usiku, jenereta inawaka. Inaendesha nini? Mashine za uzalishaji. Bloa linasubiri, maana linakula umeme mwingi na haliuzi kitambaa. Tangi la kusawazishia linajaa kwa sababu mashine hazijasimama. Saa nane liko ukingoni, na simu ya msimamizi wa zamu ina sentensi moja: "Usinisimamishie laini." Kinachobaki ni bomba linaloruka mtambo mzima na kwenda moja kwa moja mferejini. Kwenye michoro lina jina lake la kihandisi. Sisi tunaliita mchepuko, na kama michepuko mingine halitajwi mbele ya wageni.

Mvua ikinyesha mambo ni mepesi zaidi. Wakazi wa mabondeni wanajua maana ya kutapisha choo: mtu anasubiri mvua kubwa, anatoboa shimo, uchafu unachukuliwa na mafuriko. Tunawasema sana wale, na ni haki. Wapo viwanda vinavyotapika vilevile, tena kwa pampu. Mvua ya usiku mmoja inaweza kubeba tope la miezi mitatu, na asubuhi hakuna wa kujua lilitoka ukuta upi.

Mkaguzi akija wiki ijayo atakuta nini? Tangi limetulia, maji yanang'aa, daftari limejazwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, kuanzia tarehe 1 hadi 30. Kila namba iko chini kidogo tu ya kiwango. Mtu aliyewahi kuendesha mtambo anajua kwamba daftari la namna hiyo ni la uongo, kwa sababu majitaka hayana tabia ya utulivu kiasi hicho. Na hata sampuli ikichukuliwa kwa uaminifu, jibu la BOD linahitaji siku tano maabara. Siku jibu linapotoka, maji yenyewe yameshapita Kigogo, Jangwani na Salenda, yako baharini.

Chini ya kiwanda chetu kuna mama anayelima mchicha na matembele kando ya mfereji. Aliniona na buti za kazi, akaniuliza kwa nini maji yanakuja ya bluu usiku wa kuamkia Jumatano na Ijumaa. Nikanyamaza. Ratiba yetu ya kupaka jinzi ni Jumanne na Alhamisi. Mama huyu hana maabara, ila alikuwa ameshaacha kumwagilia asubuhi hizo mbili. Nilimwamkia, nikaondoka. Nilikuwa nimeshamzoea kama mteja wa mchicha, na tangu siku ile nanunua kwingine. Msomaji aniambie mwenyewe hiyo ni tabia gani.

Kuna viwanda vilivyounganishwa na bomba la majitaka la jiji, na wenye viwanda hivyo husema wao hawahusiki na mto. Bomba lina mwisho wake pia. Mabwawa ya Vingunguti yanapokea majitaka ya viwandani pamoja na ya magari ya kunyonya vyoo, na kinachosafisha mle ni bakteria walewale, wakisaidiwa na mwani na jua. Ukiwapelekea sumu usiku, umehamisha tangi langu jeusi likawa la mtaa mzima.

Ninachoomba hakihitaji sheria mpya. Chemba ya kuchotea sampuli itolewe nje ya ukuta, kando ya barabara, mkaguzi aifikie bila kunywa chai ya mtu. Bomba la kutoka lifungwe mita ya maji yenye lakiri, ili mzigo uhesabiwe kwa kilo kwa siku na si kwa miligramu pekee. Kisima cha kiwanda nacho kiwe na mita, hesabu zikutanishwe. Sampuli moja ya kopo isitoshe kutoa cheti. Iko mashine ndogo inayochota kidogo kidogo kila saa, usiku na mchana, na inatosha kwenye buti ya gari. Mchepuko upigwe lakiri ya ofisa, na siku ukifunguliwa iandikwe saa ngapi na kwa amri ya nani.

Hilo la amri ndilo linalonikosesha usingizi. Faini inalipwa na kampuni, na kwa kampuni kubwa ni gharama kama dizeli. Anayefungua koki ni opereta wa mkataba wa miezi sita. Akikataa, mkataba hauongezwi. Akikubali na mambo yakaharibika, anaandikiwa barua ya uzembe. Nimewaona wawili wakiondoka kwa njia hiyo, mmoja alikuwa fundi bora kuliko mimi. Kibali cha kiwanda kingemtaja opereta kwa cheo chake na kumpa mamlaka ya kusimamisha laini tangi likifika ukingoni, msimamizi wa zamu angepiga simu kwa sauti nyingine.

Wiki hii niko zamu ya usiku, kuanzia saa mbili. Mkifika getini msiulizie meneja, atakuwa amelala. Nyuma ya ukuta, upande wa mfereji, kuna taa moja na njia ya miguu ya wale wanaochota maji ya kumwagilia. Piteni hapo na makopo yenu.

Opereta wa majitaka,
Dar es Salaam
(Jina limehifadhiwa)