Kwa mdogo wangu uliyeniuliza umebakishwa kwa lipi

Mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Swali lako la usiku ule kwenye simu nililikimbia. Ulisema, "Dada, wenzangu wawili tuliolala wodi moja wamezikwa. Mimi nimebakishwa kwa lipi?" Nikakwambia ulale, kidonda hakitaki mawazo. Nakujibu leo, tena hadharani, kwa sababu si wewe peke yako unayejiuliza, na kwa sababu ana kwa ana nitalia tu.

Mimi langu lilianza na birika.

Mama alipofariki mwaka 2016, wewe uliwekwa uani na watoto. Waosha maiti wa mtaa wetu hapa Ngamiani walikuwa watatu. Siku ile mmoja alikuwa safarini, mwingine magoti yamemkatalia. Bibi aliyebaki akatokeza mlangoni, akatutazama wanawake tulivyojaa sebuleni na vilio vyetu, akaninyooshea kidole: "Wewe, njoo ushike birika." Sikuota ndoto, sikusikia sauti. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, basi.

Ndani nilidhani nitazimia. Ndoo za maji, majani ya mkunazi yaliyopondwa, kafuri kwenye kikaratasi, na mama kafunikwa kanga yake mwenyewe. Bibi alimwinua kidogo, akamkanda tumbo polepole, akamsafisha kwa kitambaa alichojizungushia mkononi, akamtawadha kama mtu anayekwenda kusali. Kisha kichwa, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto. "Mwaga taratibu," akaniambia, "maji yasimshtue." Nilipofika miguuni nikayaona magaga yake, yale aliyoyasugua kwa jiwe kila Alhamisi na hayakuisha. Woga ukanitoka palepale. Ilikuwa miguu ya mama.

Baadaye, darasani, nikasikia habari za Ummu Atiyya. Huyu ni mwanamke wa Madina aliyetoka vitani na Mtume (s.a.w.) mara saba, akiwapikia askari na kuwatibu majeruhi. Binti wa Mtume, Zaynab, alipofariki mwaka wa 8 Hijria, Ummu Atiyya alikuwa miongoni mwa walioambiwa wamwoshe: mara tatu, au tano, au zaidi mkiona haja, kwa maji na mkunazi, na mwisho mtie kafuri. Walipomaliza, Mtume akawapa shuka yake mwenyewe, wamvike ndani, igusane na mwili. Nywele wakazisuka mikia mitatu, wakailaza nyuma. Mpaka leo tunasuka mitatu. Kila nikishika kitana namkumbuka yeye, na shuka ile.

Unajua kuosha maiti ni faradhi kifaya. Wakitenda wachache, mji mzima umesalimika. Wakikosekana, mji mzima una dhambi. Zamani niliisikia kanuni hii kama nafuu: watafanya wengine. Siku hizi naisikia vingine kabisa. Kuna kazi ambayo ni ya watu wote, imelala pale, inamngoja yeyote aliye karibu na mlango. Mimi sijawahi kuitwa kwa namna nyingine, na nadhani wengi wetu tunapitwa na wito kwa kusubiri uje na tarumbeta.

Usidhani yote ni nuru. Walipojua ninaosha, wateja wawili wa vitumbua vyangu walihama. Ati mkono ule ule! (Wamerudi. Vitumbua vya upande wa pili vina mafuta.) Kuna jirani hanipi mkono hadi leo. Bibi alipokuwa akisikia mambo hayo alicheka na kusema mwosha huoshwa, akaendelea kukunja bafta, kitambaa cheupe cha sanda. Na yapo ninayoyaona mle ndani ambayo siwezi kumwambia mtu, wala wewe. Yanabaki mle. Huo ndio uzito hasa, kuliko kubeba.

Wala sikuambii kwamba kifo kimenizoea. Wiki iliyopita tulimwosha binti wa rika lako, nikarudi nyumbani nikashindwa kula. Lakini yale maswali yangu ya saa nane za usiku, nitakufaje, nani atanigusa, yamepungua makali. Najua nani atanigusa. Najua atanimwagia maji taratibu.

Madaktari wako hawajakupa miaka, na mimi sina ya kukupa. Sitakudanganya kwamba ulibakishwa kwa jambo kubwa. Nilichonacho ni hiki: Bibi haoni tena, tumebaki wawili, na mwenzangu mwezi ujao anamfuata mumewe Muscat. Wanawake wa barabara zote hizi, na mkono mmoja wa kuwaosha.

Jumamosi baada ya alasiri tunafundishana nyumbani kwangu kukata sanda: shuka, kanzu, ukaya, na zile mbili za kuzungushia. Njoo, hata ukae tu na kutazama. Leta kanga kuukuu. Najua mkono wa upande ulioshonwa bado hauinuki vizuri, na umeambiwa usibebe vizito. Birika tutalijaza nusu.

Dada yako,
Tanga