Mgonjwa wa akili asirudishwe kijijini mikono mitupu

Kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mbeya,

Ndugu Mganga Mkuu, salaam kutoka Rungwe. Kaka yangu ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya asikie sauti zisizokuwepo, na naunga mkono kwa moyo wote nia ya kuwatibu wagonjwa wa akili karibu na nyumbani. Hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma, imewapokea Watanzania tangu 1927, lakini toka Tukuyu mpaka Dodoma nauli yake si ya mkulima wa ndizi. Mgonjwa hupelekwa, halafu ndugu hawaonekani tena.

Hofu yangu ni kwamba huku kwetu "huduma ya jamii" kwa sasa ni mama mzazi. Kaka aliporuhusiwa, alipewa vidonge vya mwezi mmoja na tarehe ya kurudi kliniki mjini. Zahanati ya kijiji haikuarifiwa. Tarehe ikaangukia katikati ya masika, nauli haikupatikana, dawa zikaisha. Wiki chache baadaye alikuwa halali, anatembea usiku kucha akigombana na sauti. Majirani walimfunga kamba. Siwalaumu. Hawakuwa na mtu wa kumwita.

Ipo sindano ya flufenazini, dawa ya ugonjwa huu inayokaa mwilini kwa wiki kadhaa, ambayo kwa wagonjwa wengi huchomwa kila baada ya wiki 2 hadi 4. Haihitaji friji. Daktari akishaianzisha, muuguzi wa zahanati anaweza kuiendeleza, mradi afundishwe kutambua madhara yake, kama mwili kukakamaa na kutetemeka, na ajue ampigie nani. Mtoto akikosa chanjo, mhudumu wa afya humfuata mpaka nyumbani. Mgonjwa wa akili akikosa sindano, hatafutwi mpaka avunje kitu.

Marekani ilipitisha sheria ya vituo vya afya ya akili vya jamii mwaka 1963. Hospitali kubwa zikapunguza vitanda, vituo vingi vilivyokusudiwa havikujengwa, na wagonjwa wengi wakaishia barabarani na magerezani. Sisi wenyewe tuna historia bora ya kujifunzia: miaka ya 1980, Morogoro na Kilimanjaro zilijaribu kuiweka huduma hii kwenye vituo vya kawaida vya afya.

Kwa hiyo vitanda vya wodi ya akili visipunguzwe; anayezidiwa bado anavihitaji. Na kabla mgonjwa hajaruhusiwa, zahanati yake ipigiwe simu, jina lake liingie kwenye daftari, na dawa zimtangulie. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wakabidhiwe orodha ya wagonjwa hawa, maana wao ndio wanaopita nyumba kwa nyumba.

Naomba pia ubandike kwenye ofisi za kata, Rungwe na Busokelo, majina ya zahanati zenye dawa za akili mwezi huu. Kama ni mbili tu, ziandikwe hizo mbili, ili mama anayeshuka na mgonjwa wake ajue aelekee wapi.

Wako,
Dada wa mgonjwa, Rungwe